Pop ya Kiwanda: Nani Huandika Ngoma za Matineja, Nani Huimba, na Nani Hubaki na Doh

Panda mat yoyote usiku ukirudi mtaani, ngoja dere aweke "I Want It That Way" ya Backstreet Boys. Gari nzima itaimba. Mama wa mboga ataimba, msee wa suti ataimba, na yule dem wa campo ambaye hakuwa amezaliwa ngoma ikitoka 1999 ndiye ataimba kwa sauti zaidi. Sasa fanya uchokozi kidogo. Uliza mmoja wao hiyo ngoma inaongea nini. Huyu jamaa anataka au hataki? Na kama anataka, anataka vile gani? Utaangaliwa vibaya mpaka steji ya mwisho.

Usijilaumu, shida haiko kwa Kizungu chako. Maneno yenyewe hayana maana iliyonyooka. Waliyaandika Wasweden wawili, Max Martin na Andreas Carlsson, wakati Kiingereza cha Max hakikuwa kimeiva vizuri. Lebo iliposikia ikashtuka, ikaagiza toleo la pili lenye maneno ya kueleweka. Likaandikwa, likarekodiwa. Vijana wakasikiza zote mbili wakasema hapana, turudishieni ile ya kwanza. Ndiyo ilitoka, na ndiyo mnaimba hadi leo.

Watu wakisikia hiyo stori wanasema: si unaona, pop ya matineja ni takataka yenye sukari. Mimi nakubali nusu tu. Hiyo ngoma imejengwa kifundi. Jaribu kuitunga wewe uone kama utatoboa hata korasi. Penye wepesi ni kwingine: ni kwa ile nafasi mwimbaji ameachiwa. Wimbo umeandikwa usimhusu mtu yeyote hasa, ndio mtu yeyote aweze kuuimba, na akianza kuleta shida atolewe aingizwe mwingine. Huo wepesi hauji kwa bahati mbaya. Ufuate mpaka mwisho utaupata umekaa kwa karatasi ya mkataba.

Naandika hii nikijua kuna mtu anaisoma akiwa na ndugu mdogo wa sekondari mwenye sauti ya kutoa machozi, na kuna jamaa wa gari kubwa ameshaanza kupigia mathe simu.

Kiwanda ni kitu gani haswa

Kundi la kawaida huanza hivi: mabeshte wanne wa base moja wanaimba, wanakosana, wanapatana, wanaimba tena, halafu baadaye kabisa wanatafuta meneja. Kwa kiwanda hiyo safari imegeuzwa. Mwenye doh ndiye anakuja kwanza. Ana wazo, ana jina la kundi, na mara nyingi ngoma ziko tayari. Sasa anatafuta sura za kujaza: mmoja mtundu, mmoja mpole, mmoja wa kuchanganya wasichana, na mdogo wa mwisho wa kufanya kina mama waseme "woiye". Sauti inaangaliwa pia, lakini si lazima iwe kitu cha kwanza.

Ukitaka kuona hiyo mashine ikiwa mpya, rudi Marekani mwaka wa 1965. Gazeti la biashara ya filamu lilibeba tangazo la kutafuta vijana wanne wa kuigiza kundi la muziki kwa TV. Walijitokeza 437. Wanne wakachaguliwa, wakaitwa The Monkees, na kipindi kikaanza NBC Septemba 1966. Msimamizi wa muziki alikuwa Don Kirshner, jamaa aliyekuwa na watunzi wa kulipwa waliojazana New York wakitoa ngoma kama mandazi. Kwa albamu mbili za kwanza vijana waliimba, lakini vyombo karibu vyote vilipigwa na wanamuziki wa studio.

Hapo ndio ngori ilianza. Vijana walikuwa na akili, na wawili wao, Michael Nesmith na Peter Tork, walikuwa wanamuziki wa ukweli. Wakataka kupiga vyombo vyao na kuchagua ngoma zao. Vita ikawa kubwa, na mapema 1967 Kirshner akafutwa kazi. Mwaka huohuo Monkees wakatoa albamu "Headquarters" waliyopiga wenyewe.

Sikia sasa Kirshner alifanya nini. Alienda akatafuta kundi ambalo halitawahi kumjibu. Akasimamia muziki wa The Archies, ambao ni katuni. Vijana wa kuchorwa, bana! Hawataki asilimia, hawana mathe wa kuuliza maswali, hawazeeki. Waliowaimbia walikuwa watu wa studio ambao majina yao shabiki hakuyajua. Na "Sugar, Sugar" ya 1969 ilikaa namba moja Marekani wiki nne, ikamaliza mwaka ikiwa ngoma kubwa kuliko zote kwa hesabu ya Billboard. Mwaka wa Beatles na Rolling Stones, katuni ikawashinda wote.

Ukiuliza mwenye kiwanda anatamani mwimbaji wa aina gani, Kirshner alishajibu. Na usidhani ni mambo ya kale. Agosti 2025, "Golden" ya HUNTR/X ilifika namba moja Marekani, na HUNTR/X ni wasichana wa katuni wa filamu "KPop Demon Hunters" ya Netflix. Angalau safari hii waliotoa sauti, EJAE, Audrey Nuna na Rei Ami, wanajulikana kwa majina yao.

Yule mzee wa Krisi yenu

Kuna kiwanda kimoja unakijua vizuri bila kujua unakijua. Kila Desemba, kuanzia supamaketi mpaka kwa shosh kijijini, lazima "Mary's Boy Child" ya Boney M. ipigwe. Ile sauti nene ya kiume unayosikia kwa ngoma za Boney M. si ya Bobby Farrell, yule jamaa wa afro aliyekuwa anaruka kwa steji. Ni ya produsa wao Mjerumani, Frank Farian, aliyekuwa amefunga mlango wa studio. Farrell alikuwa mwili, Farian alikuwa koo.

Ikaenda poa, hakuna aliyelalamika sana, so Farian akarudia miaka ya 80 mwishoni. Akachukua vijana wawili wenye sura na miguu ya kudansi, Rob Pilatus na Fab Morvan, akawaita Milli Vanilli. Kwa kurekodi akatumia watu wengine: Charles Shaw, John Davis na Brad Howell. Rob na Fab hawakuimba hata mstari mmoja kwa ile albamu. Februari 1990 wakapewa Grammy ya msanii mpya bora. Novemba mwaka huo Farian mwenyewe akatoboa siri, na Grammy ikachukuliwa, kitu ambacho hakikuwa kimewahi kutokea.

Sasa cheki nani alilipia. Farian aliendelea kutengeneza muziki. Rob na Fab wakawa kichekesho cha dunia nzima. Rob alikufa hotelini karibu na Frankfurt Aprili 1998, akiwa na miaka 32. Walidanganya, ndio, na mimi siwatetei kwa hilo. Lakini walisaini wakiwa wamesota, na aliyewaandikia huo uongo ndiye alikuwa na ufunguo wa studio.

Hundi ya dola 1.87

Boston, 1983. Vijana watano weusi wa mtaa wa nyumba za serikali, New Edition, wakiwemo Bobby Brown na Ralph Tresvant, wanavuma na "Candy Girl". Produsa wao ni Maurice Starr. Wanaenda tua yao kubwa ya kwanza, kumbi zinajaa, wasichana wanazimia. Wanarudishwa nyumbani, wanashushwa palepale mtaani walipotolewa, na kila mmoja anapewa hundi ya dola 1.87. Nauli ya kwenda mjini na kurudi, labda na chai.

Waliambiwa gharama za tua zimemeza kila kitu. Na cha kuudhi ni kwamba hesabu kama hiyo inaweza kuwa halali kabisa kwa mkataba. Wacha nikuonyeshe kwa shilingi, na hii ni mfano wangu wa kupigia hesabu tu.

Lebo inakutolea studio 200,000, video 500,000, nguo na walimu wa densi 100,000, gari na hoteli 200,000. Jumla ni milioni moja. Unafurahi, unadhani umepewa. Kumbe umekopeshwa. Mkataba unasema fungu lako ni asilimia 15. Ngoma inaomoka, inaleta milioni 3. Wewe kichwani unatoa ile milioni moja, unabaki na mbili za kugawana. Mkataba hausomi hivyo. Fungu lako ni 15 kwa mia ya milioni 3, yaani 450,000, na ni hiyo 450,000 pekee inayolipa deni. Bado unadaiwa 550,000, na wao wameshaweka mfukoni milioni 3. Ili uone shilingi ya kwanza, ngoma lazima ilete zaidi ya milioni 6.6. Na kama mko watano, hiyo shilingi mnaikata vipande vitano.

New Edition walimshtaki Starr wakatoka. Yeye akafanya nini? Akatafuta vijana wengine watano hapohapo Boston, weupe safari hii, akawapeleka shule ileile. Wakaitwa New Kids on the Block. Miaka ya 80 ikiisha walikuwa kundi la matineja kubwa kuliko lote duniani. Fomula ilibaki, sura zikabadilika.

Buda wa Orlando

New Kids walikodi ndege ya kwenda shoo kwa kampuni ya jamaa mmoja wa Florida anaitwa Lou Pearlman. Jamaa mnene, mcheshi, biashara yake ni ndege na yale maputo makubwa ya matangazo angani. Akajiuliza: hawa watoto wanapata wapi doh ya kukodi ndege? Alipoonyeshwa hesabu za biashara ya boyband, akaamua naye aingie.

Mwaka wa 1992 akaweka tangazo kwa gazeti la Orlando Sentinel. Aliweka mahali pazuri sana. Orlando ndiko kuna Disney World na Universal, so mji umejaa vijana waliofundishwa kuimba, kudansi na kutabasamu hata kama wana njaa. Kevin Richardson alikuwa akifanya kazi Disney. Aprili 1993 kundi likakamilika: Kevin, AJ McLean, Howie Dorough, Brian Littrell na Nick Carter. Nick alikuwa na miaka 13. Jina Backstreet Boys lilitoka kwa soko moja la mitumba la Orlando. Ndio, kundi kubwa hivyo limebatizwa jina la kitu kama Gikosh.

Pearlman aliwaambia wamuite Big Poppa. Aliwalipia nyumba, mazoezi, nguo, chakula, mwalimu. Marekani ikawapuuza mwanzoni, akawapeleka Ujerumani, na huko ndiko walishika moto kwanza. Wakati huohuo, 1995, akafadhili kundi la pili, NSYNC, akawapitisha njia ileile ya Ujerumani. Backstreet walipogundua buda wao amezaa nje, na mtoto anafanana nao mpaka densi, waliumia. Kwake ilikuwa biashara tu: kukiwa na Coca-Cola lazima kutakuwa na Pepsi, so heri zote mbili ziwe zako.

Doh nayo? Backstreet walienda kortini 1998. Madai yao yalikuwa kwamba kwa miaka yote ya kazi wao walikuwa wamepata dola 300,000, wakati Pearlman na kampuni yake wamepata milioni 10. Wakaja kugundua kitu cha kuchekesha kama hakingekuwa cha kuliza: kwa mkataba Pearlman alikuwa amejiandika kama mwanachama wa sita wa kundi. Alikula kama meneja, akala kama produsa, halafu akakaa mezani tena akala kama mwimbaji. Hajawahi kuimba.

Wa NSYNC waliitwa kwa dinner kubwa ya kupewa hundi yao ya kwanza, baada ya miaka ya kazi na mamilioni ya rekodi kuuzwa. Lance Bass amesimulia mara nyingi vile alifungua bahasha akapata dola 10,000. Ilibidi wakili awaonyeshe karatasi zao zinasema nini. Walipotaka kuhama 1999, Pearlman na lebo ya BMG wakawashtaki wakidai dola milioni 150, na wakataka wasiruhusiwe hata kutumia jina NSYNC. Elewa hapo. Vijana wamelijenga hilo jina kwa jasho, lakini kwa karatasi ni la mtu mwingine.

Walimaliza kesi mezani mwisho wa 1999, wakahamia Jive. Machi 2000 wakatoa albamu wakaiita "No Strings Attached", na kwa video ya "Bye Bye Bye" wakajifunga kamba kama vikaragosi. Iliuza nakala milioni 2.4 kwa wiki moja Marekani. Rekodi hiyo ilisimama miaka 15 mpaka Adele alipoivunja 2015. Naiona kama ngoma ya mapenzi ya matineja yenye maana zaidi kuwahi kutoka kiwandani, kwa sababu ukijua wanaaga nani, inasikika tofauti kabisa.

Pearlman mwenyewe aliendelea. Akatoa kundi la O-Town mbele ya kamera kwa kipindi cha TV mwaka wa 2000. Alimsimamia pia Aaron Carter, mdogo wake Nick, aliyetoa albamu ya kwanza 1997 kabla hajafikisha miaka 10. Familia ya Carter ikamshtaki naye pia. Halafu ikatokea kwamba muziki ulikuwa sehemu ndogo tu ya udanganyifu wake. Kwa zaidi ya miaka 20 alikuwa akiendesha mchezo wa upatu wa uongo, akiuzia wazee uwekezaji kwa kampuni iliyokuwa kwa makaratasi tu. Zaidi ya dola milioni 300 zilipotea. Alitoroka, akashikwa Bali, Indonesia, 2007, akafungwa miaka 25 mwaka wa 2008, akafia jela Agosti 2016. Wastaafu wengi hawakurudishiwa akiba yao. Aaron alikufa Novemba 2022 akiwa na miaka 34.

Studio ya Stockholm

Nimekuambia ngoma huwa ziko tayari. Za hawa wote zilitoka wapi? Nyingi kubwa zilitoka studio moja Stockholm, Cheiron, iliyoanzishwa 1992 na DJ mmoja, Denniz PoP, na mwenzake Tom Talomaa. Denniz hakuwa mpigaji wa chombo chochote. Alikuwa na masikio. Alimchukua mwimbaji wa bendi ya roki, Martin Sandberg, akampa jina Max Martin. Denniz alikufa kwa kansa Agosti 1998, akiwa na miaka 35, na Max akabaki na usukani.

Kanuni yao ilikuwa melodi kwanza. Idadi ya silabi za mstari wa kwanza ilingane na za mstari wa pili, na neno lichaguliwe kwa vile linalia mdomoni. Maana ikipatikana ni sawa, ikikosa pia ni sawa. Ndio ukapata ngoma ya 1998, "...Baby One More Time". Max alikuwa na neno la Kiingereza kichwani akidhani mtaani linamaanisha kupigiwa simu, kumbe Mmarekani akilisikia anafikiria kuchapwa. Aliipeleka kwanza kwa TLC, wakaikataa. Msichana wa Louisiana wa miaka 16, Britney Spears, akaichukua, na Januari 1999 ilikuwa namba moja.

Nataka ukae hapo kidogo. Hiyo ngoma ilikuwepo kabla yake. Ingekuwa ya TLC. Hakuna kitu ndani yake kinachomjua Britney: mji wake, mathe wake, vile alikuwa akiogopa. Hata hivyo yeye ndiye alibeba kila kitu chake, sketi ya shule, maswali ya waandishi wazee kuhusu mwili wake akiwa bado mtoto, paparazi. Mwaka wa 2008 korti ikaweka maisha na mali yake chini ya babake, na alibaki chini ya usimamizi wa korti mpaka Novemba 12, 2021, akifanya shoo za mamilioni kama mtu mzima asiyeruhusiwa kusimamia doh yake mwenyewe. Max Martin anatembea Los Angeles bila kutambuliwa, na ana zaidi ya ngoma 25 zilizofika namba moja.

Simchukii Max. Amesema mwenyewe kwamba alifika hapo kupitia masomo ya muziki ya serikali huko Sweden, ambapo mtoto wa kawaida anafundishwa chombo kwa bei ndogo. Hiyo ndiyo sehemu ya kiwanda ningetaka tuibe. Lakini lazima ujue tofauti ya hela yake na ya mwimbaji. Kila ngoma ina mali mbili: utunzi, yaani melodi na maneno, na rekodi yenyewe, inayoitwa masta. Huku kwetu kwa miaka mingi mtunzi aliangaliwa na MCSK, mwimbaji na mpigaji na PRISK, mwenye rekodi na KAMP. Redio za kawaida za Marekani zinalipa mtunzi kila ngoma ikipigwa, lakini mwimbaji hazimlipi kitu. So tineja ambaye haandiki na hana masta anategemea sana shoo na fulana. Miguu ikichoka, imeisha.

Kwa vile utaniuliza kuhusu Korea, sitakaa sana. Huko kiwanda hakifichwi, mtoto anaingia mafunzo akiwa hata na miaka 11 au 12 na anaweza kukaa miaka kabla ya kutoka kwa umma. Watatu wa TVXQ walienda kortini 2009 kupinga mkataba wa miaka 13, na baada ya hapo serikali ya Korea ikatoa mkataba wa mfano wa miaka 7. Kwa kipindi cha "Produce" ambapo mashabiki wanapigia kura washiriki, kura zilipikwa, na produsa wake Ahn Joon-young akafungwa miaka miwili 2020. Watoto wa kura wakiwa pia wa uongo, sasa shabiki anachagua nini?

Na sisi huku

East Africa hatujawahi kuwa na kiwanda kikubwa hivyo, lakini tulionja. Mwaka wa 2004 Coca-Cola Popstars ilitafuta wasichana ikatoa Blu*3 ya Uganda: Jackie Chandiru, Lilian Mbabazi na Cindy Sanyu. Waliimba vizuri, hilo halina ubishi. Cindy alipotoka 2008 nafasi yake ilijazwa, kama kiti cha mat. Leo unamjua Cindy kwa jina lake, na ngoma anazojulikana nazo ni za baada ya kutoka.

Na kabla hujaniletea gengetone kama mfano wa muziki mwepesi, tulia. Ethic walipotoa "Lamba Lolo" 2018, watu wazima walipiga kelele kwamba ni ujinga na matusi. Labda. Lakini hakuna buda aliyewaandikia akiwa Stockholm. Ilikuwa lugha ya Umoja, ya vijana wa umri huo, mwezi huo. Huwezi kumpa msee wa Kisumu aiimbe ibaki ileile. Ngoma inaweza kuwa chafu na bado iwe na mwenyewe. Ya kiwanda ni safi kabisa, na ndani hakuna mtu.

So yule jamaa wa gari kubwa akija nyumbani, mkaribishe chai. Kenya mtu mzima kisheria ni wa miaka 18, chini ya hapo mzazi lazima awe mezani, na jamaa akitaka kuongea na mtoto peke yake, chai imeisha. Muulize masta itakuwa ya nani na kwa miaka mingapi. Muulize kama jina la kisanii na chaneli ya YouTube zitasajiliwa kwa jina la nani, na nani ana paswodi. Muulize kila gharama atakayolipa ni zawadi au ni deni, na deni linalipwa na fungu gani. Kama yeye ni meneja na bado ni lebo na bado ni produsa, mkumbuke mwanachama wa sita. Kama mtoto ametunga hata nusu ya korasi, jina lake liandikwe kwa utunzi kabla ngoma haijatoka.

Wamarekani wa California wana sheria tangu 1939, iliyotokana na mwigizaji mtoto Jackie Coogan aliyekua akakuta mama na baba wa kambo wamekula karibu hela yake yote. Leo inasema asilimia 15 ya mapato ya mtoto iwekwe kando mpaka awe mkubwa. Nyinyi hamhitaji kungoja bunge. Akaunti ya mtoto inafunguliwa kwa benki yoyote asubuhi moja.

Na usisaini siku hiyohiyo. Sema unaenda kumwonyesha mjomba, halafu mpelekee wakili ambaye hajaletwa na huyo jamaa. Akikataa karatasi zitoke kwa nyumba, piga picha kila ukurasa akiwa anamaliza chai, hata ile ya mwisho yenye maandishi madogo.